Mshipa, Ugwe na Mzizi

Kiswahili kina neno moja ambalo, kwa maoni yangu, limebebeshwa mzigo mzito kuliko maneno mengine yote ya mwili: mshipa. Damu hupita katika mshipa. Hisia nazo hupita katika mshipa. Mwanamume aliyevimba korodani huambiwa ana mshipa, na aliyeamka na shingo iliyokaza huambiwa amelalia mshipa. Mtu asiye na haya tunasema amekatika mshipa wa aibu, na mbishi barazani huonekana mishipa ikimtoka shingoni.

Sisi washairi tunalipenda neno la namna hiyo. Neno lenye maana tano ni mtaji wa fumbo. Mtu hulitia katika ubeti likamfanyia kazi ya watu watano kwa mizani miwili mitatu. Daktari halipendi, na mgonjwa ana haki ya kuliogopa. Mwezi Julai mwaka 2022, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, neno hilo lilisimama kati ya mama yangu na kisu cha mpasuaji, na kwa muda wa siku nzima halikutaka kupisha.

Mama alikuwa na umri wa miaka 63. Ni mkulima wa Kibosho, sehemu za juu ambako migomba na mibuni hukua pamoja chini ya miti mirefu, na kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akishuka na mkungu kichwani hadi barabarani, kisha kwa gari hadi soko la Mbuyuni. Ni wa kizazi kilicholelewa kwa hotuba zilizotangaza kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Siku moja, maradhi yakiwa yameshamkolea, redio ililirudia neno hilo naye amejiinamia mezani akitafuta namna ya kukaa. Akasema, bila kuinua kichwa, "Basi taifa lijue kwamba uti huo unauma."

Maumivu yalianza kiunoni, upande wa kushoto. Yakashuka takoni, yakapita nyuma ya paja, yakaingia katika shavu la mguu, yakaishia ukingo wa nje wa wayo karibu na kidole kidogo. Njia hiyo haikubadilika hata mara moja. Ajabu ilikuwa ni saa zake. Mgongo wa mkulima huuma mchana na kutulia usiku. Wa mama ulimngoja alale. Akijinyosha tu kitandani, moto unawaka. Kwa hiyo aliacha kitanda, akawa anasinzia ameketi kigodani, ameegemea ukuta wa jikoni karibu na mafiga yenye makaa, na blanketi mabegani. Miaka miwili. Katika muda huo alichuliwa, alikandwa, alimeza vidonge vya kila rangi, akaambiwa ni baridi yabisi, akaambiwa ni umri, akaambiwa apunguze kazi. Ushauri huo wa mwisho aliupokea kama watu wa mlimani wanavyoupokea, yaani kwa kuitikia vizuri na kwenda shambani.

Mguu ulipoanza kuburuta ndipo tuliposhuka naye KCMC.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na imejengwa mahali ambapo mawingu yakijitenga mtu huiona Kibo kupitia dirisha la wodi. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka ya mtu aliyeacha foleni ndefu mlangoni. Aliamkia, mama akaitikia marahaba, kisha akauliza swali ambalo nadhani huulizwa dunia nzima: "Mama, kwa kipimo cha moja hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Mwanangu," mama alijibu, "si ndizi nikuhesabie."

Kijana akatabasamu, akasubiri. Ndipo mama akasema maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyotoka: "Hapa kiunoni panafukuta. Kwenye paja panapwita. Huku kwenye shavu la mguu panachoma, kama upupu uliotiwa moto. Kidoleni hakuna kitu, pamekufa ganzi."

Daktari aliiacha fomu, akachukua karatasi nyeupe na kuyaandika yote, neno kwa neno. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kwa miaka mingi nimewalazimisha wanafunzi kutofautisha vitenzi vya namna hiyo bila kuwapa sababu ya kuwaridhisha. Sababu ilikuwa pale. Kufukuta ni moto usio na mwali, maumivu ya ndani yaliyolala mahali pamoja. Kupwita huenda na mapigo. Kuchoma kwa upupu si maumivu ya msuli wala ya mfupa. Ni lugha ya neva iliyobanwa. Na ganzi ni neva inayoelekea kunyamaza. Mama alikuwa amechora ramani kwa vitenzi vinne, na daktari akaifuata kwa nyundo ndogo ya mpira: aligonga nyuma ya kisigino cha kulia, wayo ukaruka; akagonga cha kushoto, wayo ukanyamaza. Akarudia. Ukanyamaza tena. Halafu akamuuliza kama maumivu huzidi akilala. Aliposikia habari za kigoda, haraka yote ilimtoka usoni.

Picha ya kipimo cha sumaku ilipopatikana, mpasuaji mwenyewe alituita tuitazame. Pingili zilionekana zimepangana wima, nami nikakumbuka kwamba neno hilo tumelitoa katika muwa: kati ya kifundo na kifundo ni pingili, na mgongo wa binadamu ni muwa wenye pingili 33, ingawa zile za chini kabisa huungana mtu anapokua. Katikati ya muwa huo mna mfereji, na ndani ya mfereji mna kile ambacho vitabu vingine vya sayansi hukiita ugwe wa mgongo. Ni istilahi nzuri iliyokosa bahati. Watu wengi husema uti wa mgongo wakiwa na maana ya mifupa, wakisema tena uti wa mgongo wakiwa na maana ya kilichomo ndani ya mifupa, na homa inayoshambulia tando za ndani nayo tukaibandika jina hilohilo. Jirani mmoja wa Kibosho aliposikia mama ana tatizo la uti wa mgongo alizuia watoto wake wasije kutusalimu.

Ugwe huo hauendi mpaka mwisho. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kinachoshuka ni mafungu ya nyuzi, mizizi ya neva, inayoning'inia ndani ya maji safi kama mkia wa farasi; ndivyo madaktari walivyouita tangu zamani kwa Kilatini. Neva zinazotoka katika ugwe ni jozi 31, na kila moja huanza kwa mizizi miwili: wa nyuma huleta hisia, wa mbele hupeleka amri ya kusogea. Katikati ya mkia huo wa farasi, picha ilionyesha kitu kilichong'aa baada ya dawa kupitishwa katika damu, laini kingoni, kirefu kidogo. Kwa wasomaji wa pwani ningesema ukubwa wa tende. Mama alikitazama kwa muda, akasema kinafanana na buni mbili zilizoshikana.

Mpasuaji alieleza kwamba uvimbe wa namna hiyo huota katika ala ya neva, yaani chembe zinazouvika uzi wa neva kama ganda linavyouvika waya wa umeme. Chembe hizo zina jina la Mjerumani, Theodor Schwann, aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839. Ni uvimbe adimu: hesabu za nchi zenye madaftari ya wagonjwa huonyesha chini ya mtu mmoja kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kwa uvimbe huo ndani ya mgongo. Hukua polepole, miaka na miaka. Aghalabu si saratani. Lakini mfereji wa mfupa haupanuki, na kitu kinachokua ndani yake hatimaye huua mguu, kisha mguu wa pili, kisha uwezo wa kuzuia haja.

Mama alishikilia neno moja katika maelezo hayo yote. "Ni kansa?"

"Kwa sura yake siyo, mama. Lakini siwezi kukuapia mpaka tukitoe na kukitazama kwa darubini."

Hapa niruhusiwe kuchepuka. Kansa ni Kilatini, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa baharini. Saratani ni Kiarabu, na maana yake ni kaa huyohuyo. Wayunani wa kale ndio waliouona ugonjwa huo una magamba na miguu ya kando, na kila lugha iliyopokea tiba yao ilimpokea na mnyama wake. Sisi wa mlimani, ambao bahari tunaiona kwa safari ya siku nzima, tumeletewa kaa wawili kwa njia mbili tofauti, na bado tunapolitaja neno lolote kati ya hayo tunashusha sauti kana kwamba anasikia.

Tarehe ya upasuaji ilipangwa. Ukoo ulikaa kikao, fedha zikachangwa, vijana watatu wakaenda kutoa damu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, sista wa wodi alikuja na fomu ya ridhaa. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye subira, aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara mia. Akasema, "Mama, daktari ataondoa uvimbe. Ila kwa kuwa umeota kwenye mshipa, huenda akalazimika kuukata huo mshipa. Weka sahihi hapa."

Mama alikunja kanga yake mapajani, akaipanga pembe kwa pembe. "Mshipa haukatwi," akasema.

Ili kulielewa jibu hilo yakupasa kujua kwamba mwaka 1974 mdogo wake wa kiume alijikata kwa panga shambani, kwenye paja, na watu wakasema amekata mshipa. Walimbeba kwa machela ya miti wakiteremka naye, na damu ikamwishia kabla ya kufika barabara ya magari. Mama alikuwa msichana wa miaka 15 na alishika upande mmoja wa machela. Kwake yeye neno mshipa halikuwa na maana tano. Lilikuwa na moja.

Nilimpigia simu mjomba, kaka yake mkubwa, nikitumaini atanisaidia. Mjomba akasema asiweke sahihi hata kidogo, kwa sababu mshipa wa mgongo ukikatwa mtu hupooza kuanzia kiunoni. Na mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akifuatilia kwa makini kuliko sisi sote, aliongeza lake. Alikuwa amesoma kibao mlangoni kilichoandika kwamba daktari ni bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. "Sasa dada," akamuuliza mama, "wakikukata mshipa wa fahamu, si utapoteza fahamu?"

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea Kiswahili. Kamusi ingewaunga mkono wote watatu. Lakini orodha ya wagonjwa wa kesho ilikuwa imekwisha kuandikwa, na mama akikataa, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine na yeye angerudi nyumbani kungoja majuma mengine, na wayo wa kushoto ulikuwa tayari unakwangua sakafu.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikiyapima maneno kama mtu anayetafuta kina kilichokosekana. Neva? Ni neno safi, lina usahihi wote unaotakiwa, na kwa mama lilikuwa kama sahani mpya isiyo na chakula. Mzizi? Mti uliokatwa mzizi hufa, hilo kila mkulima analijua; tena mizizi ni dawa za mganga. Uzi? Neno hilo lingempoza, na hapo ndipo nilipoliogopa. Uzi hukatwa kwa meno bila mtu kufikiri. Kumwambia mama kwamba atakatwa uzi kungekuwa ni kumpatia sahihi yake kwa kumghilibu, na mfasiri anayepunguza hofu kwa kuficha jambo hatofautiani sana na mwizi mwenye sauti nzuri.

Mpasuaji alipita wodini saa moja usiku. Nilimwomba aketi. Akaketi, kwenye ukingo wa kitanda, akachukua karatasi na kuanza kuchora mkia wa farasi kwa mistari mingi. Mama alimkatiza.

"Baba, humo ndani kinapita nini?"

"Habari, mama. Habari za mguu zinazopanda kwenda kichwani."

"Si damu?"

"Si damu. Damu ina njia zake nyingine, nazo hatuzigusi."

Mama akatazama mchoro. "Basi huo ni mfongo," akasema.

Kwa msomaji asiyeijua Kilimanjaro: mfongo ni mfereji wa maji. Wazee wa Kichagga waliichimba mifongo kwa karne kadhaa, wakiyachepusha maji ya vijito kule juu karibu na msitu na kuyaongoza katika miteremko, yakipita kihamba hiki hadi kile, kwa mwinamo uliopimwa kwa macho tu. Wageni waliofika mlimani katika karne ya 19 waliistaajabia. Mfongo una wenyewe, una zamu za maji, una siku za kuzibua, na ugomvi wake una sheria zake. Mama amekulia katika zamu hizo. Mara tu jambo lilipoingia katika mfongo, yeye ndiye aliyekuwa bingwa na mpasuaji akawa mwanafunzi.

Akauliza: huo uvimbe umeziba mfongo au umeota kwenye ukingo wake? Mpasuaji akasema umeota kwenye ukingo, ukaubana mfongo wenyewe na kuisukuma ile ya jirani. Je, mfongo uliozaa uvimbe bado unapitisha maji? Kidogo sana, akajibu, pengine hakuna. Miaka yote hiyo ile ya jirani imekuwa ikichukua zamu yake, na ndiyo maana ukikatwa mara nyingi mguu hauoni tofauti kubwa. Na ule wa kuendesha mguu? Huo ni mwingine. Kabla ya kukata chochote tutaujaribu kwa umeme mdogo, mguu ukicheza tunaacha.

"Na mkikosea?"

Mpasuaji hakuharakisha. "Mguu unaweza kulegea, mama. Na haja ndogo inaweza kusumbua. Sikufichi."

Mama aliomba kalamu. Hakuweka ile sahihi fupi anayoitumia ushirikani. Aliandika majina yake yote matatu, polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili.

Nimekuwa nikilifikiria tukio hilo kila ninaposikia mjadala wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kazi ya kusanifu istilahi ni kazi ya lazima. Bila hiyo daktari wa Moshi na wa Mtwara wasingeweza kuandikiana. Neva na libaki neva katika vitabu. Mfongo si Kiswahili sanifu, na kilomita 100 kutoka Kibosho haungemsaidia mgonjwa yeyote. Lakini kuna dhana miongoni mwetu wapenzi wa lugha kwamba neno likishasanifiwa kazi imekwisha, kilichobaki ni watu kulijifunza. Siiafiki. Penye kitanda cha mgonjwa, neno la mwisho ni la mwenye mgongo.

Jambo dogo jingine lilitokea asubuhi, nalo ni la Kiswahili vilevile. Mtoa dawa ya usingizi, kwa upole, alimwambia mama kwamba atalala kidogo tu. Mama akasema, "Usiniambie kulala. Kulala ndiko kulikonishinda. Sema nusukaputi." Wengi huihusisha kaputi hiyo na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika kabisa, kama vile shule ilivyotufikia kutoka kwa Wajerumani haohao waliotawala hapa hadi mwaka 1916. Nusukaputi: nusu ya kufa. Siku hizi neno hilo linaonekana la kishamba, na hospitalini husemwa usingizi. Mama aliona la zamani lina ukweli zaidi, nami siwezi kubishana naye.

Walimwingiza saa mbili na nusu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi pamoja na dada yangu, tukiwa na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nilikuwa nimesoma habari za mgonjwa wa kwanza anayejulikana kutolewa uvimbe uliobana ugwe wa mgongo akapona vizuri. Ilikuwa London, tarehe 9 Juni 1887. Mgonjwa alikuwa kapteni wa jeshi aliyeteseka kwa miaka na kuzunguka kwa madaktari wengi. William Gowers ndiye aliyekisia mahali pa uvimbe kwa kusikiliza na kupima tu, kwani miale ya Röntgen ilikuwa bado miaka minane, na Victor Horsley akapasua. Hakuukuta. Akaendelea kufungua kwenda juu, pingili baada ya pingili, mpaka akaufikia. Mwaka huo Moshi ilikuwa chini ya Mangi Rindi. Nilijaribu kuwaza ni nani hapa mlimani, enzi za Rindi, aliyekuwa akilala ameketi.

Nikawaza pia jinsi kazi hii ilivyotufikia juzi tu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Mwaka 2006, kule Haydom, daktari Mmarekani Dilantha Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga, tabibu asiye na shahada ya udaktari, kupasua ubongo, kwa kuwa katika eneo lote hilo hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Mwandishi Tony Bartelme aliwaandikia kitabu. Miaka 16 ni muda mfupi kuliko umri wa mibuni ya mama.

Mpasuaji alitoka baada ya muda wa saa nne na ushei. Kofia bado kichwani, alama ya barakoa puani. "Umetoka wote," akasema, na dada yangu akaketi sakafuni palepale.

Baadaye, akiwa ametulia, alinisimulia yaliyotukia. Mama alilazwa kifudifudi. Walifungua ngozi katikati ya mgongo, wakaisogeza misuli pembeni, wakaondoa vibamba vya mfupa vilivyoufunika mfereji kwa nyuma. Chini yake ni utando mgumu unaozuia maji. Utando huo una historia ya kumfurahisha yeyote anayependa safari za maneno. Matabibu walioandika kwa Kiarabu waliuita mama, kwa kuwa katika lugha yao kitu kinachokizunguka na kukilinda kingine huweza kuitwa mama yake; ule wa nje mama mgumu, ule wa ndani mama mwembamba. Katika karne ya 12 wafasiri wa Kilatini walihamisha neno kwa neno, na mpaka leo madaktari wa dunia nzima huwataja mama hao wawili wakipasua, bila kujua aliyewazaa. Mpasuaji wetu hakulijua hilo. Nilimwambia, akacheka, akasema basi siku ile alikata mama ndani ya mama.

Alipoufungua, maji yalitoka, safi kabisa, na nyuzi za mkia wa farasi zikaonekana zinapwita pamoja na mapigo ya moyo. Uvimbe ulikuwa katikati yake, wa rangi ya manjano hafifu, umefungwa katika gamba lake. Chini ya darubini alizitenga nyuzi zilizougandia, moja baada ya nyingine. Kisha akaleta kile kijiti cha umeme. Kila uzi alioutilia shaka aliugusa, na mwenzake akiwa ameinama chini ya shuka kuushika mguu wa mama, akisema "unacheza" au "kimya". Uzi uliobeba uvimbe uliguswa mara tatu. Kimya. Ndipo akaukata, juu na chini, akautoa mzima kama buni inavyotoka katika ganda, akamshona mama mgumu kwa uzi mwembamba usiopitisha tone.

Usiku wa pili mama alilala chali. Alilala kwa saa sita mfululizo, na sista akaja mara mbili kumtazama kwa kuwa dada yangu alimwambia kwamba haiwezekani. Mtori uliletwa kutoka nyumbani katika chombo cha kuhifadhi moto. Wayo ulichukua miezi kuacha kukwangua. Zoezi la kunyanyua kisigino alilifanya amejishika kwenye mgomba.

Majibu ya darubini yalikuja baada ya majuma matatu. Si saratani. Nilimsomea jina lililoandikwa pale, nikamweleza kwamba limetokana na Schwann, ambaye yeye mwenyewe hakuueleza uvimbe huo. Aliziona chembe tu, na wengine wakaja kuutia uvimbe jina kwa ajili yake. Mama aliwaza. "Maskini," akasema, "mtu wa watu, kuitiwa uvimbe."

Kilichobaki ni upana wa vidole vitatu kwenye ukingo wa nje wa wayo wa kushoto, na kidole kidogo chote. Hapo hapajarudi. Nilitarajia angesema pana ganzi, lakini ganzi, anasema, ni ya kupita. Mtu huikung'uta ikaondoka. Hapa anapaita mahame, mahali palipokaliwa na watu wakahama. Walimwonya hospitalini kwamba mwiba au kaa la moto linaweza kumwingia asijue, kwa hiyo kila jioni, akimaliza kunawa miguu, huinua wayo karibu na taa na kuukagua. Mwezi uliopita nilikuwapo. Alikuta mwiba umezama karibu wote, akaomba pini, akauchokonoa mpaka ukatoka, bila kusikia chochote, kisha akausonya na kuutupa motoni.